Waongozaji na Wapagazi wa Mwanzo wa Kilimanjaro: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa Moshi na Marangu, vijana wanaosomea kuongoza watalii, wageni wanaosubiri kuandikishwa getini, na wajukuu wa watu waliobeba mizigo enzi za Mjerumani na Mwingereza. Nimeanza na ya msingi. Pale ambapo jibu moja linaegemea jingine, nimeelekeza pa kusoma.

## Mambo ya msingi

Nani alifika kwanza kwenye Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya Kilimanjaro?

Kwa kumbukumbu zilizoandikwa, ni Hans Meyer, Mjerumani wa Leipzig, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria aliyebobea katika milima ya Alps. Walifika tarehe 6 Oktoba 1889. Walikata vipandio kwenye barafu kwa mashoka, wakahangaika kupata pumzi, wakafika. Heshima hiyo ni yao na hapa hainyang'anywi na mtu.

Lakini watu hao wawili waliishi juu ya msitu kwa zaidi ya wiki mbili. Muda wote huo chakula kilipanda kutoka Marangu vichwani mwa watu wengine, na kulikuwa na mtu wa kulinda hema wakati wao wako kwenye barafu. Anayesema "wa kwanza" akaishia kwenye majina mawili amesimulia saa chache za mwisho tu. Kazi yenyewe ilivyopangwa imeelezwa kwenye swali la msafara wa 1889.

Ina maana kabla ya hapo Wachaga hawakuwahi kupanda?

Walipanda sana, ila shabaha yao haikuwa kusimama kileleni. Msitu ulikuwa sehemu ya maisha. Warina asali, wawindaji wa tembo na mbega, waganga waliotafuta mizizi na magome, na watu waliofuata maji hadi kwenye chanzo ili kutengeneza mfongo, yaani mfereji wa maji, wote hao walijua mapango, vijito na njia za wanyama. Juu zaidi, kwenye mawe na baridi, hapakuwa na cha kuvuna, kwa hiyo wachache ndio walioenda.

Udadisi ulikuwepo vilevile. Mmisionari Johannes Rebmann alisimuliwa kwamba Mangi, yaani mtawala, wa Machame, baba yake Mangi Mamkinga, aliwahi kutuma kundi kubwa la watu wakachunguze ile nyeupe inayong'aa juu, akitumaini huenda ni fedha. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu ikiwa imeharibiwa na baridi, akaeleza yaliyowapata wenzake. Hiyo ni safari ya kupanda Kibo iliyoandaliwa na mtawala wa hapa, ikaendwa na watu wa hapa, kabla ya 1848. Kwangu mimi, somo lolote la historia ya mlima huu lingepaswa kuanzia hapo.

Kirangozi, mnyapara, mpagazi: nani alifanya nini?

Misafara ya karne ya 19 ilitoka pwani ikiwa na mpango wake uliokomaa, na Wazungu waliukuta ukiwa tayari umeundwa na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu na wapagazi wenyewe. Kirangozi alitangulia mbele na kushika njia. Mnyapara alisimamia kikundi chake cha wapagazi, akagawa posho na kuamua ugomvi. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Kulikuwa pia na mpishi, askari na mkalimani.

Msafara ukifika Uchagani uliongezewa watu wa pili: wale waliotolewa na Mangi, waliojua msitu. Mtu wa Pangani au Mombasa alijua visima vya nyikani na bei ya chakula Taveta, lakini hakujua pa kupita juu ya Marangu. Mwindaji wa Marangu alijua msitu, na ya njia ya pwani hakuwa na haja nayo. Masimulizi mengi huchanganya makundi haya mawili, na ndiyo maana mara nyingi watu hubishana kuhusu "mwongozaji wa Meyer" kila mmoja akiwa na mtu mwingine kichwani.

## Misafara ya kwanza

Je, Rebmann ndiye "aliyegundua" Kilimanjaro?

Alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona mlima wenye theluji, tarehe 11 Mei 1848. Mlima ulikuwa na wenyewe, na hata yeye alifikishwa. Aliyemfikisha alikuwa Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka Mombasa aliyekwisha kufika Uchagani kabla yake. Rebmann alitembea na mwavuli tu, pamoja na wapagazi wachache. Alipouliza ule weupe juu ni nini, mwongozaji wake alimjibu kwamba ni baridi. Rebmann akaelewa kuwa anatazama theluji.

Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa kata kata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Ubishi ulidumu miaka, mpaka vipimo vya Baron Karl Klaus von der Decken, aliyekuja 1861 na Richard Thornton na tena 1862 na Otto Kersten, vilipoumaliza. Katika muda wote huo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita chini ya Kibo na kurudi, wakiutazama weupe ule ule.

Nani aligusa theluji kwanza kati ya wageni?

Charles New, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi karibu na Mombasa, mwaka 1871. Alipitia Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Jaribio la kwanza lilikwama kwa baridi. La pili, wenyeji waliomsindikiza walibaki nyuma mmoja baada ya mwingine, akabaki na Tofiki, mtu wake kutoka pwani. Tofiki alikwenda naye mpaka karibu kabisa na theluji, nguvu zikamwishia, na New akamalizia sehemu ndogo iliyobaki peke yake.

Jina la Tofiki limo katika kitabu cha New mwenyewe. Kila mtu anayesimulia ya 1871 anaweza kumtaja bila kubahatisha.

Mbona vitabu vya zamani vinasema wenyeji waliogopa mlima?

Tazama walivyovaa. Msafiri Mzungu alikuwa na buti, soksi za sufu, glavu, koti na blanketi. Mpagazi alikuwa na shuka na miguu mitupu. Palipo leo vibanda vya Kibo, kwenye mita 4,700 hivi, maji ya kwenye chupa huganda usiku. Mtu anayegoma kwenda juu zaidi ya hapo akiwa na shuka moja ametumia akili, na mara nyingi ndiyo sababu alirudi nyumbani na vidole vyake.

Imani nazo zilikuwepo. Kibo ni upande wa heshima kwa Mchaga, na habari za waliokwenda wakarudi vilema zilikuwa zikisimuliwa, kama ile ya watu wa Machame. Lakini hofu hiyo ilikuwa na ushahidi. Mwaka 1909 Mwingereza Gertrude Benham alipokuwa akipanda, watu wake walikuta mifupa ya wanaume wawili wa msafara uliotangulia, waliokufa kwa baridi. Wakakataa kuendelea, naye akasonga mbele peke yake. Benham anakumbukwa kwa jina, na kwa haki, kwani alikuwa shujaa. Wale wawili waliolala kwenye mawe walikuwa wapagazi, na habari inaishia kwenye mifupa yao.

Msafara wa Meyer wa 1889 ulifanyaje kazi hasa?

Hili ndilo swali ambalo ningependa kila mwongozaji kijana aweze kulijibu, kwa sababu jibu lake limo katika maandishi ya Meyer mwenyewe na halihitaji kutiwa chumvi.

Meyer alikuja mara ya kwanza 1887, akafika kwenye ukingo wa barafu, akarudi. Mwaka 1888 alikuja na Oscar Baumann, wakakamatwa katika vita ya Abushiri huko pwani, wakaachiliwa kwa fidia. Safari ya tatu alikuja na Purtscheller, na pia na mpango mpya. Alikuwa ameelewa kwamba kinachomrudisha mtu chini ni chakula kuisha kabla hali ya hewa haijatulia.

Kwa hiyo alipanga kambi kwa ngazi. Chini kulikuwa na Marangu kwa Mangi Marealle, ambako chakula kilipatikana. Kambi ya kati iliwekwa mwisho wa msitu. Kambi ya juu ilikuwa kwenye tambarare kati ya Kibo na Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, kwenye mita 4,300 hivi. Kati ya ngazi hizo walipita wapagazi, kupanda na kushuka, kila baada ya siku chache. Kutoka mashamba ya migomba ya Marangu hadi kambi ile ni kupanda kama mita 2,800. Mgeni wa leo hupewa siku tatu kwa umbali huo, ana buti za maana na begi dogo la maji mgongoni. Wale walipita kwenye tope la msitu, ngata kichwani na mzigo juu yake, wakatoka kwenye upepo wa juu, wakatua, wakashuka kuchukua mwingine.

Sasa angalia tarehe. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walikata vipandio kwenye barafu hadi wakafika ukingo wa kasoko, wakaona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbele, nguvu zikawa zimekwisha. Wakarudi kambini. Katika safari za nyuma hapo ndipo pangekuwa mwisho. Safari hii kambini kulikuwa na chakula, moto na mtu wa kuwapokea. Wakapumzika, wakarudi juu wakilala pangoni njiani, na tarehe 6 wakafika. Nafasi ile ya pili ililetwa na wapagazi. Bila wao, vitabu vingesema kuwa Meyer alishindwa mara ya tatu.

Mwini Amani ni nani?

Ni mtu wa Pangani aliyebaki kambi ya juu pamoja na Meyer na Purtscheller wakati wengine wote wamerudishwa chini. Meyer anamtaja kwa jina na kumsifu. Alipika, akatunza moto mahali ambapo kuni ni vichaka vifupi tu, na akalinda hema wakati wale wawili wako kwenye barafu. Kuna usiku alioulala huko peke yake, mtu aliyezaliwa kwenye joto la minazi, kwenye mita 4,300, akisubiri watu ambao wangeweza wasirudi.

Nadhani anasahaulika kwa sababu hana mji unaomdai. Si Mchaga, kwa hiyo Marangu haimhesabu kuwa mtoto wake, na Pangani iko mbali na mlima. Ukiuliza ni Mwafrika gani ambaye kitabu cha 1889 chenyewe kinathibitisha kwamba alikuwa kiungo cha mwisho kati ya kilele na ulimwengu wa chini, jibu ni yeye.

Pangani inatokea mara nyingi. Kwa nini?

Ilikuwa mojawapo ya bandari kuu za misafara ya kaskazini, na watu wake waliishi kwa kazi hiyo. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa huko huko Pangani, alikuwa mhimili wa msafara wa Count Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel, ambao 1887 ulipita hapa na Teleki akapanda Kibo hadi kama mita 5,300 kabla hawajaendelea hadi Ziwa Turkana. Kabla yake Kimemeta alisafiri pia na Joseph Thomson.

Mangi Marealle alihusika vipi?

Bila ruhusa ya Mangi hakuna aliyeingia msituni. Yeye ndiye aliyetoa watu, ulinzi na soko. Marealle wa Marangu alikuwa mwanasiasa hodari aliyewatumia wageni kujijenga dhidi ya majirani zake, na matokeo yake njia kuu ya kupanda mlima ikawa ya Marangu badala ya Old Moshi alikopita Charles New. Urafiki ule ulikuwa na upande mwingine mchungu. Miaka michache baadaye Wajerumani walitawala kwa nguvu, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Old Moshi, mwana wa Rindi, alinyongwa pamoja na viongozi wengine. Historia ya kupanda mlima na historia ya ukoloni wa Uchagani ziliandikwa na watu wale wale, ndani ya miaka ile ile, na mtu hawezi kusoma moja akaiacha nyingine.

## Mzee Lauwo

Mzee Yohani Kinyala Lauwo alifika kileleni pamoja na Meyer?

Kitabu cha Meyer kinasema kileleni walifika wawili tu, yeye na Purtscheller, na hakimtaji Lauwo. Kwa upande wa pili, Marangu inamfahamu Mzee Lauwo kama mwongozaji wa msafara ule. Simulizi yenyewe inasema alikuwa kijana wa ukoo uliojua msitu kwa uwindaji na asali, alikuwa amekwepa kazi ya kutengeneza barabara, akafikishwa mbele ya Mangi, na wageni walipohitaji mtu wa kuwaongoza, akateuliwa yeye. Mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka mia tangu kupandwa, alitambuliwa rasmi na kuenziwa.

Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Kutotajwa na Meyer si ushahidi kwamba mtu hakuwepo, maana wengi wa wabeba mizigo wa 1889 hawakutajwa. Na kuongoza msafara msituni ni kazi kamili, hata kama mwongozaji hakukanyaga barafu. Kinachoumiza ni pale matangazo ya utalii yanapomweka kileleni tarehe 6 Oktoba kwa kujiamini. Dai hilo likipingwa, msomaji hutupa simulizi yote, pamoja na sehemu zilizo imara. Mzee Lauwo aliongoza watu mlimani kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na sifa hiyo inajitosheleza.

Kweli aliishi miaka 125?

Alifariki Mei 1996. Mwaka wa kuzaliwa unaotajwa ni 1871, ambao ungempa umri huo. Mwaka ule Uchagani hapakuwa na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hesabu inatokana na simulizi. Kwa kulinganisha, umri mkubwa kuliko wote uliothibitishwa kwa hati duniani ni wa Jeanne Calment wa Ufaransa, miaka 122, aliyefariki 1997. Umri wa namna ile bila hati yoyote ni mgumu kuukubali.

Ikumbukwe kwamba Meyer alirudi 1898 pamoja na mchoraji Ernst Platz, na baada ya hapo misafara ya Wajerumani iliongezeka. Mwongozaji aliyeanza kazi katika miaka hiyo angeweza kabisa kuwa hai miaka ya 1990 akiwa na zaidi ya miaka 100, na kumkumbuka "Bwana Meyer" kwa haki kabisa. Hayo ni maoni yangu, na ndiyo ninayoona yanamheshimu mzee na hesabu kwa pamoja.

Kuna kumbukumbu yoyote ya wapagazi mahali pa wazi?

Ipo. Ukiwa Geti la Marangu, karibu na kumbukumbu ya Hans Meyer, kuna kibao kinachomkumbuka Lauwo na wapagazi wa msafara ule. Wageni wengi hupita hapo wakiwa na haraka ya kufika kibanda cha Mandara kabla ya mvua ya alasiri. Waongozaji, wasimamisheni. Dakika tatu zinatosha, na mgeni akishasoma yale majina huanza kumuuliza mtu aliyebeba begi lake anaitwa nani.

## Majina yalikokwenda

Kwa nini majina hayakuandikwa?

Sababu ya kwanza ni namna vitabu vilivyouzwa. Msomaji wa Berlin au London alitaka shujaa mmoja, wawili wakizidi. Watu 60 waliobeba vyakula waliingia kwenye sentensi moja yenye tarakimu. Sababu ya pili ni majina yenyewe: mpagazi alijiandikisha pwani kwa jina la Kiislamu au la utani, kwao akaitwa jingine, na baadaye misheni ikampa la ubatizo. Mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu kwenye karatasi tatu bila karatasi hizo kukutana.

Sababu ya tatu naiona kuwa nzito kuliko zote. Katika Alps mwongozaji alikuwa na kitabu chake binafsi cha kazi, mteja akiandika na kutia saini kila safari ilipokwisha. Kitabu kilibaki kwa mwongozaji, kikarithiwa na watoto. Leo mjukuu wa Chamonix au Zermatt anakifungua na kusoma babu alipanda na nani, lini, na alifanya nini dhoruba ilipowakuta. Wapagazi wa 1889 walilipwa wakaenda zao. Karatasi yote ya safari ilibaki kwa mwajiri.

Je, hali ilikuwa hivyo hivyo milima mingine duniani?

Ilitofautiana, na tofauti inafundisha. Mont Blanc ilipandwa kwanza tarehe 8 Agosti 1786 na daktari Michel-Gabriel Paccard pamoja na Jacques Balmat, mwindaji na mtafuta mawe ya thamani wa Chamonix. Balmat alipata umaarufu kiasi cha kumfunika daktari. Waongozaji wa Chamonix wakaunda chama chao 1821. Umaskini haukumzuia mwongozaji wa Alps kupata jina, kwa kuwa alikuwa na chama na alikuwa na maandishi.

Himalaya ilifanana zaidi na kwetu. Mwaka 1922 poromoko la theluji liliua wapagazi saba kwenye Everest, na walioongoza msafara wakarudi kwao salama. Ilibidi isubiriwe hadi 1953, Tenzing Norgay aliposimama kileleni na Edmund Hillary, ndipo dunia ilipojifunza jina la Sherpa mmoja. Mwaka uliofuata, kwenye K2, Amir Mehdi wa Hunza alilazimika kulala nje na Walter Bonatti kwenye mita 8,100 hivi baada ya kupeleka oksijeni kwa Waitaliano waliofika kileleni. Alipoteza vidole vyote vya miguu.

Na Mlima Kenya?

Halford Mackinder alifika Batian 1899 akiwa na waongozaji wawili wa Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, na nyuma yao msafara mkubwa wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu. Alizipa barafu mbili majina ya waongozaji wake, César na Joseph. Kumbe kuipa barafu jina la mwongozaji lilikuwa jambo linalowezekana kabisa mwaka 1899.

Kilimanjaro kuna mahali penye jina la mwongozaji au mpagazi?

Soma ramani ya barafu za Kibo: Rebmann, Decken, Kersten, Heim, Penck, Credner, Drygalski, Uhlig, Ratzel, Furtwängler. Wamo wamisionari, wasafiri, na maprofesa ambao baadhi yao hawakuwahi kuuona mlima huu. Kasoko linaitwa Reusch, kwa mchungaji wa Kilutheri aliyependa sana mlima huu. Kuna Gillman's Point na Stella Point. Hata lobelia ndefu unayoiona njiani kwenda kibanda cha Horombo, jina lake la kisayansi limebeba Decken.

Baadhi ya majina yamebadilika. Kilele alichokiita Meyer kwa jina la Kaisari kikawa Uhuru, ambako Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge usiku wa Uhuru, Desemba 1961. Kibanda cha Bismarck kikawa Mandara, cha Peters kikawa Horombo, kwa heshima ya Mangi wa Moshi na Mangi wa Keni. Ni mabadiliko mazuri, na bado yote ni ya watawala. Tofiki na Mwini Amani hawana hata jiwe. Barafu za Kibo zinayeyuka na majina ya barafu hizo yatabaki kwenye vitabu tu, lakini mapango, kambi na vijito vipo, na vingine bado havijapewa jina rasmi. Hapo ndipo ningeanzia.

## Maswali mengine

Wanawake walihusika?

Ndiyo, kwenye chakula. Masoko ya Uchagani yaliendeshwa na wanawake, na ndizi, maharage na unga uliopanda mlimani ulinunuliwa kwao. Msafara wa watu 60 ukikaa wiki kadhaa Marangu unakula mashamba mengi.

Vipi Mlima Meru?

Upandaji wa kwanza wa Meru wenye mita 4,566 hutajwa kuwa wa Carl Uhlig 1901 au Fritz Jaeger 1904, kutegemea unasoma kitabu gani. Vitabu vimebishana kuhusu Wajerumani hao wawili kwa muda mrefu, na waliowapitisha msituni hawamo katika ubishi huo. Familia za Wameru na Waarusha zenye simulizi za kazi hiyo zisome swali la mwisho.

Wapagazi wa leo wana hali tofauti?

Sheria zipo. Hupandi Kilimanjaro bila mwongozaji mwenye leseni, na mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, unapimwa kwenye mizani getini. Simama Geti la Machame asubuhi uone: begi linaning'inizwa, askari anasoma, kilo mbili zinatolewa, zinatafutiwa mtu mwingine. Linganisha na frasila mbili za zamani. Tangu 2003 kuna pia shirika la kutetea maslahi ya wapagazi, KPAP, lenye makao hapa Moshi, linaloazima nguo za baridi na kufuatilia malipo.

Kuhusu majina, hali haijabadilika sana. Wagumu, yaani wapagazi, 12 wakimpeleka mgeni juu, picha ya kileleni huwa na mgeni na mwongozaji mmoja. Wageni wanaosoma hapa: andikeni majina yote kwenye shajara yenu, pamoja na kijiji cha kila mmoja. Baada ya miaka hamsini karatasi hiyo itatafutwa.

Babu yetu alikuwa mpagazi enzi hizo. Tuanzie wapi kutafuta habari zake?

Anzeni kwa wazee walio hai, leo kabla ya wiki ijayo. Mrekodini kwa simu, na mwacheni aongee Kichaga, Kimeru au lugha anayoikumbukia mambo. Msimuulize mwaka. Muulizeni ilikuwa kabla au baada ya vita gani, njaa gani, nzige gani, na Mangi alikuwa nani. Muulizeni babu alibeba nini, alilala wapi, alilipwa kitu gani, "bwana" wake aliitwaje kwa jina la utani. Majina ya utani ya Wazungu ni ufunguo mzuri, kwa kuwa mara nyingine nao waliyaandika katika vitabu vyao.

Kisha nendeni kwenye vitabu vya ubatizo. Walutheri wa Leipzig walianza kazi Machame 1893, na misheni ya Kikatoliki ya Kilema ni ya zamani vilevile. Tafuteni kwa jina la kuzaliwa pia, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la kwa nini majina hayakuandikwa. Hoteli za zamani za Marangu zilipanga safari za mlimani kwa miongo mingi, na daftari zao za wageni zina saini na maoni. Barua ya sifa iliyofungwa kwenye nailoni ndani ya sanduku la bibi ni hati ya historia. Msiilaminishe. Ipigeni picha pande zote mbili.

Mkiwa na picha ya zamani, andikeni nyuma yake kwa penseli, taratibu, nani yuko kushoto na nani kulia, na anayejulikana kwa ukoo tu aandikwe kwa ukoo. Nakala moja ibaki kwa mtoto mwingine wa familia, nyumba nyingine kabisa. Na kwenye kila nakala wekeni jina la aliyewasimulia, kijiji chake, na tarehe mliyozungumza naye.